Romana Kassiani na Baraza Lake la Ilembo

Baba Paroko, majirani wa Ilembo na ndugu mliotoka Mamba, anayesoma ni Telesphor, mdogo wa marehemu, ambaye familia ilimwomba alainishe maneno, naye amekataa.

Romana Kassiani alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 kijijini Mamba, mtoto wa kwanza wa mzee Kassiani na mama Thacienne, wakulima wa mpunga, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akaendelea na sekondari Sumbawanga, na mwaka 1983 akahitimu uchoraji wa ramani za majengo katika chuo cha ufundi Dar es Salaam.

Mwaka huo aliajiriwa serikalini mjini Mpanda, akachora nyumba hadi alipostaafu Mei 2021, na sifa yake ilikuwa roshani na mabaraza, kwani kabla hajashika penseli alimuuliza mwenye kiwanja, akina mama wa pale wakipepeta mpunga makapi huruka kuelekea wapi, ndipo akajua upepo unatoka upande gani, akaufungulia baraza pana lenye kivuli, na ukuta wa pili akauachia matundu ili hewa ipate pa kutokea. Mteja aliyetaka kuziba alirudishiwa hati zake bila hata kuagwa.

Tarehe 10 Septemba 1988 alifunga ndoa takatifu na Elisha, aliyetangulia mwaka 2015, wakajaliwa Respicius na Jeniffer.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2022, na Agosti 2024 alilazwa, madaktari wakasisitiza akae penye hewa, lakini huku nyuma watoto wake wakakubaliana kwenye grupu la familia wamfanyie sapraizi, baraza lote la nyumba yake hapa Ilembo likafungwa vioo vya aluminiamu, matundu yakapigwa plasta, ati vumbi lisimdhuru, ati nyumba ipendeze kwenye sendoff ya kabla ya harusi ya mpwa wake Dorice. Aliposhuka garini tarehe 6 Septemba alipigiwa vigelegele, naye akauliza nani amemziba pua, watu wakacheka. Hakuwa anatania. Aliomba vioo ving'olewe, akaambiwa, “Vumilia mama, sendoff ipite kwanza,” akaomba tena na tena kwa sauti iliyozidi kukatika, jibu likawa lile lile, katika joto la Oktoba ambalo nyie nyote mnalijua. Inauma, na inatia hasira.

Alifariki tarehe 19 Oktoba 2024, sendoff ikiwa imebakiza wiki moja.

Shukrani ziwaendee madaktari na wauguzi, waliofanya kazi yao vizuri, wafanyakazi wenzake wa zamani, na jirani Joséline, aliyembeba hadi uani na kumpepea kwa kipande cha boksi. Respicius na Jeniffer leo hawashukuriwi.

Jana kamati ya mazishi iliona wafiwa wanalowa jasho ndani, ikamwita fundi, na vioo vyote vikatolewa kabla chai haijachemka, bila kikao wala grupu. Hewa mnayoivuta hapa ndiyo aliyoiomba yeye akanyimwa. Pumzika kwa amani, dada, tumekufungulia ukiwa huwezi tena kuvuta.