Mzalendo Asiye na Mtani

Wewe unayebinua mdomo hata sijaanza, endelea kubinua, utabaki hivyo hivyo. Kama huamini kwamba mtu mzima, mwenye mke, baiskeli na wajukuu, anaweza kukaa kijiweni akitamani atukanwe na asipate wa kumtukana, basi mtaani kwetu Misunkumilo hujafika. Kijiwe chenyewe ni benchi la mninga lililoegemea ukuta wa Mama Eufrazia, mjane muuza kahawa, mwenye birika jeusi na uso wa kukataa mazungumzo. Wa kila jioni ni watatu. Ponsian, Mfipa, mstaafu wa reli, wanamwita Radi kwa sababu kwao ni Sumbawanga, kunakosifika kwa radi za kutumiana. Ndaki, Msukuma, wanamwita Mkia kwa kuwa dunia yote ameiona akiwa nyuma ya ng'ombe. Wa tatu ni Révérien, muuza maharage, aliyetoka Burundi akiwa mchanga, akakulia makazi ya Mishamo, na baadaye akapewa uraia. Huyu hana jina la kijiweni. Huyu wanamwita "ndugu yetu Révérien", polepole, kama wanamsoma kwenye tangazo la msiba. Na hilo ndilo lililokuwa linamchoma roho.

Jioni moja gari la matangazo lilipita likipayuka kwamba wananchi wote wadumishe uzalendo, kisha likapotelea kwenye vumbi lake.

— Hivi hilo neno limetoka wapi? akauliza Ndaki. Kila siku tunaambiwa tulidumishe, aliyelileta hatajwi.

— Mkia, hata hilo hujui? akasema Ponsian. Wenzako walipoingia darasani wewe ulifungwa kamba nje? Jambo jepesi hilo. Mzalendo ni mtu aliyezaliwa...

Hapo akamwona Révérien. Akakohoa. Akapiga funda la kahawa iliyokuwa bado inachemka, machozi yakamtoka.

— Aliyezaliwa wapi? akauliza Révérien, akisogea mbele kwa matumaini. Malizia, mzee mwenzangu.

— Hapana, hapana. Nimekumbuka vibaya. Neno hili ni la reli! Treni ya Tabora ilikuwa ikikwama njiani kwenye tope, watu wanashuka kusukuma. Waliosukuma wakaitwa wazalendo. Waliobaki ndani wanakula kuku wakaitwa abiria.

— Treni inasukumwa? akashangaa Ndaki.

— Na watu wanne! Enzi zile watu walikuwa wanakula.

— Na wewe ulikuwa upande gani?

— Mimi nilikuwa napiga filimbi.

— Yaani hukusukuma, wala kuku hukumwonja! Radi gani wewe, unanguruma mwaka mzima hupigi hata kisiki!

Révérien alicheka nao, lakini wivu ulimpanda mpaka kooni. Tusi zuri kama lile, mtu anatupiwa bure, na hata kushukuru hakushukuru.

— Sasa msikilizeni mfugaji, akaendelea Ndaki. Neno limetoka kwa viboko. Kiangazi mto Katuma ukikauka, wanajazana kwenye tope, huyu juu ya yule, jua linawababua. Ziwa Rukwa liko kule, maji tele. Kiboko anahama? Hahami! Ananuka, anang'atana na shemeji zake, lakini hapo ndipo kwao. Wazee wakatazama wakasema, haya, huo ndio uzalendo.

— Basi mzalendo namba moja ni wewe, Mkia. Nakunusa toka mchana.

Wakapigana vikumbo vya mabega kwa kucheka. Révérien akaona zamu yake imefika, na safari hii atasema upuuzi ambao hakuna binadamu atauvumilia.

— Nyie wote hamjui. Neno lilichimbwa Mishamo. Mama mkwe wangu alikuwa anang'oa mihogo, akalikuta limelala chini ya shina. Akalichemsha. Halikuiva. Akawagawia majirani.

Ponsian akatikisa kichwa taratibu, kama yuko kanisani.

— Umesema jambo zito, ndugu yetu.

— Linafaa kufanyiwa utafiti, akasema Ndaki.

— Utafiti gani? Nimesema uongo! Nimesema neno limechemshwa sufuriani!

— Kila mtu na mtazamo wake, ndugu yetu, akasema Ponsian.

Révérien akavuta pumzi. Ndaki alikuwa na majaruba Majimoto, na mchele wake aliusifu kuliko watoto wake.

— Mchele wa Majimoto ni chakula cha wagonjwa.

Mishipa ya shingo ilimsimama Ndaki. Angesema Ponsian, angekuwa ameshachapwa kwa kofia.

— Ladha hazifanani, akajibu kwa sauti nyembamba.

— Na ng'ombe wako wana sura kama yako.

— Asante, ndugu yetu.

Révérien akanyakua kikombe cha Ndaki, akakinywa chote mpaka machicha.

— Kunywa tu, akasema Ndaki. Nitaongeza kingine.

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia Révérien.

— Nyie mnanitesa! Mama yangu alipofariki masika haya, mlikuja na mashati ya kupigwa pasi. Mkakaa kwenye mkeka kama mko foleni ya benki. Mkala, mkashukuru, mkaondoka. Lakini alipofariki kaka yake Ponsian, wewe Ndaki ulivaa koti la marehemu, ukachechemea kama yeye, ukalala kando ya kaburi ukasema hazikwi mtu hapa mpaka upewe jogoo. Ponsian alicheka mpaka akaanguka chini, na alipoanguka ndipo akaweza kulia. Mimi mpaka leo sijalia.

Ndaki akayatazama malapa yake.

— Ponsian ni mtani wangu, kabila kwa kabila, akasema. Wewe tulikuwa tunakuheshimu. Tuliogopa utaona tunakukumbusha ulikotoka.

— Nilikotoka mnanikumbusha kila mkiniita ndugu yetu! Kiapo nimekula, cheti ninacho, kiko ukutani. Kuna kitu kimoja tu cheti hakikuniandikia. Sasa nyie wazalendo, mnaojua habari za treni na za viboko, niambieni. Mtani wangu mimi ni nani?

Mfipa na Msukuma wa benchi lile walikwisha kuwa watani siku nyingi, lakini mtu wa Mishamo anataniwa na nani, hilo hawakuwahi hata kujiuliza.

— Labda tuulize ofisi ya kata, akasema Ponsian.

Mama Eufrazia, ambaye jioni nzima hakuwa ametia neno, akainuka. Akamnyang'anya Révérien kikombe mkononi.

— We Révérien!

Bila ndugu. Bila yetu.

— Unakuja hapa kila siku na hayo makalio makavu, umenichubulia benchi. Kahawa unainywa kama mbuzi aliyeona kisu. Na mama yako, Mungu amlaze pema, nilikuwa nakaa naye benchi moja kanisani. Mwanamke aliimba kama geti la zizi, watu tukawa tunafikiria kuhama dhehebu! Nikamwuliza, mwenzangu, hili toto lako mbona masikio yanafika sokoni kabla ya baiskeli? Akaniambia, nayajua, kwani unadhani nilimbeba mgongoni kwa nini? Nisiyaone!

Révérien alifunua mdomo. Kicheko kikatoka, kikubwa, cha kupiga mapaja, na katikati ya njia kikageuka. Mabega yakaanza kutikisika. Akalia palepale kwenye benchi, mtu mzima, kamasi na machozi, na bado anacheka.

— Mama Eufrazia... akasema.

— Mama yako nimeshakwambia alikuwa hajui kuimba. Mimi ni mtani wako. Futa pua.

Ndaki akanyoosha mkono kuomba kahawa.

— Imekwisha, akasema Mama Eufrazia. Wazalendo mkalale makwenu.

Akabeba birika lake, akaingia ndani, akaubamiza mlango, akapiga komeo.