AU Iliyopumzisha Wodi Nzima

Kinyozi wa kiti cha nyuma cha basi hakukusudia kusikiliza. Ni masikio tu yaliyogoma kulala. Mbele yake, nesi mkuu wa wodi alikuwa akimwonyesha abiria mwenzake, fundi wa kompyuta, jedwali la zamu kwenye simu.

"Kaka, nilitaka Jumamosi apumzike mwenye mtoto mdogo ambaye pia amekesha wiki hii. Mbona limewapumzisha wote?"

Fundi akabofya fomula. "Dada, hapa umeandika AU. Mwenye mtoto anapita, aliyekesha naye anapita. Weka NA, apite mwenye yote mawili tu."

"Nimeshawatumia. Mmoja kanipigia simu nzima ya vigelegele."

"Basi watumie jingine."

"Watumie wewe. Huwajui wale!"

"Na wagonjwa je?"

Nesi akarudi kwenye jedwali. Kinyozi naye akasogeza sikio.

"Kwani fomula haikubakiza hata mtu mmoja?" fundi akauliza.

Nesi akashusha kidole hadi chini kabisa. "Imembakiza mmoja. Hana mtoto mdogo wala hakukesha."

"Afadhali! Nani huyo?"

Basi likasimama kwenye geti la hospitali.

"Mimi," akasema nesi, akashuka.