Tanuri Lisiloruhusiwa Kupoa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mwashi mmoja, fundi wa matofali, tuliyemwita Refu. Alikuwa mrefu kiasi kwamba akiinama mchana kufunga kamba za viatu, anafika chini alasiri. Hapo nimetia chumvi. Yanayofuata sijayatia.

Refu ndiye aliyejenga tanuri la mtaa wetu, uani, nyuma ya kile kiwanda cha kufulia nguo kilichofungwa. Alilijenga mwaka ule bei ya gesi ilipopanda ikasahau njia ya kushuka. Umeme nao ukaifuata. Mkate ukawa kitu cha kutazama kupitia kioo cha duka. Refu akabomoa ukuta uliokuwa umeinama, akachukua matofali yake, akajenga tanuri la kuingiza trei sita kwa mpigo. Kila nyumba ilete unga wake, ilete sufuria yake ya maharage, na ilete kuni, yale mabaki ya mbao kutoka kwa maseremala. Tanuri moja, nyumba themanini.

Mwanzoni mambo yalikwenda mrama. Kila mtu alitaka tanuri la moto, hakuna aliyetaka kulilisha. Na likishapoa, kulipasha upya kunakula kuni za siku tatu. Refu akaona kazi ya mikono yake inakufa. Ndipo akadanganya.

Akawaambia majirani kwamba matofali yale ni ya namna ya pekee. Yakipoa mara moja tu yanapasuka, na tanuri limekwisha. Zamu zikapangwa siku hiyo hiyo: fundi cherehani Jumatatu, muuza nyama Jumanne, na kuendelea. Refu alininong'oneza ukweli, tukacheka hadi machozi. Kisha nami, wasikilizaji wapendwa, nikautangaza uongo ule kwenye kipaza sauti hiki hiki. Nikaongezea kwamba tanuri la aina hiyo liliwahi kupasuka mahali fulani likamrusha mbuzi juu ya paa. Hakukuwa na mbuzi.

Kicheko hakikudumu. Watu walianza kuuliza: nani atajua kama linaanza kupoa? Refu, nani mwingine? Ndiye anayesikia lugha ya matofali. Kitanda chake kikahamishiwa kwenye chumba cha kupigia pasi cha kile kiwanda, hatua nne kutoka kwenye moto. Chumba kina dirisha moja, linatazama tanuri. Miaka tisa. Kwa miaka tisa Refu hakufika mbali zaidi ya duka la kona. Hata kinyozi alimfuata pale pale, akamnyoa uso ukielekea moto.

Mwaka jana dada yake mkubwa aliugua. Huyo dada ndiye aliyemlea Refu baada ya mama yao kufariki. Aliishi mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Akatuma ujumbe: mdogo wangu, njoo nikuone. Refu aliomba siku nne. Siku nne tu. Majirani wakakutana uani. Hawakumfokea, walimbembeleza, na hilo ni baya zaidi. Fundi cherehani ndiye aliyesema kwa niaba ya wote.

"Kaka, tunakuonea huruma. Lakini likipasuka wewe ukiwa huko, watoto hawa watakula nini?"

Angeweza kusema ukweli pale pale. Mkewe anakumbuka. "Alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Tulipoingia ndani nikamwambia, sema, mume wangu, uende. Akanijibu, nikisema, kesho nani ataleta kuni?"

Nami nilikuwepo kwenye mkutano ule. Nilinyamaza. Mkate wangu ulikuwa ndani.

Dada alifariki wiki ya pili. Refu alipewa habari akiwa mbele ya tanuri. Aligeuza trei.

Refu mwenyewe tumemzika Ijumaa iliyopita. Mtaa mzima ulikwenda, na mwenye zamu naye akaenda. Tuliporudi, tanuri lilikuwa baridi. Tukasimama mbali kidogo, tukisubiri mlio. Mjane akapita katikati yetu, akaweka kiganja juu ya matofali.

"Halipasuki," alisema. "Halijawahi kuwa la kupasuka. Alisema vile ili mje."

Muuza nyama alivua kofia. Fundi cherehani aliketi juu ya rundo la kuni. Mjane akasema anakwenda kwenye kaburi la wifi yake, kumfikishia salamu zilizochelewa. Siku nne. Hakuomba, alitujulisha.

Basi lake limeondoka asubuhi hii. Alibeba mkate wa njiani, bado wa moto. Kuni zilikuwa zimeletwa tangu Jumamosi. Sijui zililetwa na nani, na sikuuliza.

Kwa mjane na familia yote, poleni sana. Pole hii ina deni la kusema kweli, nami nimejaribu kulilipa leo. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjamega tonge, fikirini ni nani amesimama mahali pamoja ili ninyi mle. Lini mlimwambia: nenda, mimi nitashika zamu?

Mimi nashika leo, kuanzia saa sita. Jana nilikwenda kukiona kile chumba. Nilikaa kitandani kwake kidogo, nikatafuta pa kutazama. Ni tanuri tu.