Daktari wa Majani na Asubuhi Alipopoa

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa nne wa seremala. Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, na masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa mimea, akakaa miaka thelathini na tisa. Kazi yake ilikuwa kupaka virusi kwenye majani ya miche, kisha kuyachunguza kila asubuhi. Wenzake walimwita Daktari wa Majani. Kila mgeni kazini alikosea kosa lilelile: kutupa mche wenye vidoa vikavu na kuuacha uliotulia. Baba aliwaambia, “Nyie watoto, wenye vidoa unapigana. Jani likivamiwa hupeleka habari kwa majani mengine yajihami. Kirusi mjanja huikata habari njiani. Huo mliouacha umeshazibwa mdomo.”

Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na mama yetu, mshona sare za shule. Siku ya posa alinawa kwa sabuni mara tatu kabla ya kumpa mkono babu yetu, baba mkwe wake mtarajiwa.

“Kijana, mimi ni mche?”

“Hapana mzee, ila sijui nimetoka na nini kule.”

Babu alicheka mpaka akamkubali.

Baba aliugua tarehe 3 Juni 2024. Alichemka kwa homa siku nane, usiku na mchana, tukahamia hospitalini. Siku ya tisa asubuhi binti yake wa mwisho, mtoto mgongoni, alimgusa kipaji cha uso akakuta kimepoa. Akaanza kuwapigia ndugu wote: “Baba kapoa! Homa imekwisha!”

Baba akamtazama. “Mama, usiwaambie kwanza.”

“Acha uoga, baba. Kunywa chai.”

Akanywa mafunda mawili, kwa kumridhisha tu. Mchana daktari alisema mwili umechoka kupigana, hana tena dawa ya kuongeza. Binti alimfunika blanketi, akamfunua, akamfunika tena. Baba alifariki saa tisa alasiri, tarehe 11 Juni, ndugu wengine wakiwa bado njiani wanakuja kumpongeza.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba, mdogo wao ana miezi mitano. Binti yule hajaacha kujilaumu kwa kutoelewa kupoa kule. Mama alimuuliza, “Mwanangu, hata ungejua asubuhi ile, ungefanya nini?”

Mungu ampokee mja wake, ampe usingizi mwema.