Jina la Kumi na Mbili

Mwalimu alikuwa anafuta jina kwenye fomu aliyoiweka gotini wakati lori la mnunuzi binafsi wa korosho lilipoanza kuteremka nasi kutoka Newala kwenda Masasi. Alikuwa akiipeleka ofisi ya michezo ya huko, na timu yake ya netiboli iliruhusiwa wachezaji kumi na wawili tu kwenye mashindano.

"Shikamoo, mwalimu. Mbona unafuta?" aliuliza mama aliyekaa kwenye gunia la jirani.

"Marahaba. Natafuta nafasi ya mama mkwe wa Veridiana. Bila Veridiana hatufungi hata goli moja, na mumewe hamruhusu kulala Masasi asipofuatana na mama mkwe."

"Kwa hiyo bibi wa watu ni mchezaji?"

"Wa akiba. Lakini jana alikuja mazoezini na raba miguuni. Anasema hasafiri juu ya magunia kwenda kukaa benchi."

Mama alicheka mpaka akashika kamba. Mimi nilitazama korosho. "Na huyo Regina unayemfuta, umemwambia?" mama aliuliza, akichungulia fomu.

"Bado."

"Mwambie tu, ataelewa."

"Ni mke wangu."

Mama aliacha kucheka. Lori liliposimama Masasi, ofisi ya michezo ilikuwa imeshafungwa. Mwalimu aliikunja fomu, jina la Regina likiwa limefutika nusu. "Afadhali," alisema. "Nitamalizia kesho."