Mwalimu Egidi Mbano, Aliyewanawisha Wachezaji Waliofaulu

Mwalimu Egidi Mbano, mkufunzi wa hesabu na michezo, anastaafu tarehe 30 Juni, 1993, baada ya kukitumikia chuo chetu cha ualimu hapa Songea kwa miaka ishirini na saba. Mhariri wa jarida letu ameniomba mimi, Kunegunda wa jikoni, niandike habari zake, kwa sababu nimefanya kazi naye muda mrefu kuliko wengi waliopo. Aliniambia, "Mama, andika ya kufurahisha." Ya kufurahisha yapo, nitayaandika. Lakini Jumamosi iliyopita nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu, na hasira niliyo nayo siwezi kuifunika kama sufuria.

Mwalimu Egidi ni mzaliwa wa Peramiho. Alifundisha shule za msingi vijijini, kisha akaletwa hapa, kijana mwembamba mwenye filimbi shingoni. Uwanja aliukuta kichaka. Aliufyeka yeye na wanafunzi wake, wakasimamisha magoli ya mianzi, na kila asubuhi ilibidi wawafukuze mbuzi wa majirani kwanza ndipo wacheze. Vikombe vinavyong'aa ofisini kwa Mkuu wa Chuo vimetoka kwenye uwanja ule. Wageni wakija wanaonyeshwa vikombe. Mtu aliyevitafuta haonyeshwi.

Wiki ya majaribio alikusanya mipira yote akaileta kwangu, stoo ya unga. "Mama Kune, asipewe mtu hata akilia." Na kweli walikuja kulia, wanaume wazima wenye ndevu! Mwenye kutaka mpira alete jaribio lililosahihishwa. Mazoezini alimrushia golikipa mpira pamoja na swali, "Saba mara nane!" Ukiudaka mpira na jibu likakushinda, anapiga filimbi: goli. Watu wa timu ya mtaa wa Majengo walikuwa wanakuja makusudi kutucheka. "Haya, wazee wa madaftari! Mpira haupigwi kwa kalamu!" Tuliwafunga, wakanyamaza. Mwaka uliofuata wakaja tena kucheka, tukawafunga tena.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa kunawisha. Kwetu sisi, mdogo ndiye anayemshikia mkubwa birika anawe. Mwalimu Egidi aligeuza. Kila mwaka, kabla ya kuwaaga wanaomaliza, wachezaji waliofanya vizuri darasani waliitwa kukaa meza ya walimu. Kisha yeye, mkubwa wao, alishika birika na beseni akawanawisha mmoja mmoja mbele ya chuo kizima. Ukiwa umefunga magoli kama mvua na darasani umeanguka, hukai pale. Alizoea kuniagiza, "Mama Kune, maji yawe vuguvugu. Aliyefaulu hanawishwi maji ya baridi." Nimewaona vijana waliovunjika mguu bila kutoa chozi, wakafuta macho kwa sababu ya maji yale. Maana mchezaji, popote aendapo, anaambiwa kichwa chake kitupu. Hapa palikuwa mahali pa kuambiwa kwamba si kitupu.

Sasa nifike kwa Zuhra. Zuhra ni binti wa Mzee Bakili, mkulima wa korosho kule Namasakata, Tunduru. Anacheza netiboli, katikati, na hakuna anayempita kwa mbio. Mwaka jana baba yake alisikia kwamba binti anaruka uwanjani mbele za watu, akaleta habari kwamba anamtoa chuo. Mwalimu Egidi alipanda lori akaenda mpaka Namasakata na magoti yake mabovu. Zuhra mwenyewe ndiye aliyenisimulia walivyozungumza barazani.

"Mwalimu, mimi sikumleta binti yangu kuruka ruka," Mzee Bakili alisema.

"Mzee wangu, anaruka jioni. Asubuhi anawashinda wavulana hesabu. Mwakani njoo mwenyewe. Utamwona amekaa meza ya walimu, na mimi mzee mwenzio namnawisha. Usipoona hayo, mchukue."

Mzee akafikiri. Ana binti mwingine nyuma ya Zuhra, anaitwa Subira, anayemaliza kidato cha nne mwaka huu, na tayari watu wameshabisha hodi kumposa. Akajibu, "Inshallah nitakuja. Nikiyaona kwa macho yangu, hata Subira nitamleta. Nisipoyaona, wote wawili watakaa nyumbani."

Zuhra alisoma. Mwaka huu amekuwa wa kwanza darasani kwao. Wa kwanza!

Na mwaka huu ndipo wakubwa wetu walipoamua kufuta kunawisha. Siku hizi kila kitu ni mfadhili. Imekuja kampuni ya vinywaji, imeleta jezi zenye jina lake kifuani, ikataka Jumamosi ile ya kuwaaga wanaomaliza iwe yake. Mwalimu Egidi aliomba apewe muda kidogo tu. Mkuu wa Chuo alimjibu palepale mlangoni pa jikoni, mimi nachambua mchele nasikia: "Mzee, hiyo ni siku ya wageni. Wageni hawaji kutazama watu wananawa. Tuende na wakati." Kuna mkufunzi mmoja kijana alicheka. Simtaji. Anajijua, na wali wangu anaula.

Mzee Bakili akaja. Alisafiri juu ya lori la mpunga, akalala Namtumbo, akafika na kanzu yake amevaa, safi, sijui aliiweka wapi njiani. Akakaa nyuma ya wageni. Akawaona watu wa kampuni wakimpa George, mshambuliaji wetu, redio kubwa ya kaseti kwa kufunga magoli mengi, na George huyo hakufaulu hata somo moja. George ni kama mwanangu, simlaumu. Kijana gani atakataa redio? Nawalaumu waliompigia makofi huku wanajua. Jina la Zuhra halikutajwa. Wageni wakaingia bwaloni kula, na Mzee Bakili akasimama akamwambia binti yake kwa upole, "Kafunge mizigo, mwanangu." Mwiko ukaniponyoka.

Mwalimu Egidi alikuwa meza kuu, akawaona wakiondoka. Akasimama. Akaja jikoni akaniambia, "Mama Kune, maji." Sikuuliza. Nilikuwa nayo jikoni, yana moto wa kutosha. Akamfuata Zuhra, akamshika mkono, akamwingiza bwaloni baba yake akifuata, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kati ya Mkuu wa Chuo na bwana wa kampuni.

"Mwalimu, itifaki!" Mkuu alisema huku ameuma meno.

"Itifaki ni hii," akajibu. Kisha akasema kwa sauti yake ya uwanjani, bwalo zima lisikie: "Huyu ni Zuhra Bakili, mchezaji wa netiboli, wa kwanza darasani!" Akainama na magoti yale.

Zuhra alinong'ona, "Mwalimu, acha, naona aibu."

"Nyoosha mikono, binti. Aibu si yako."

Wanafunzi walipiga meza mpaka sahani zikacheza. Na walimu? Mmoja tu, Mwalimu Jane, aliinuka akashika beseni. Wengine walitazama wali kama hawajapata kuuona. Ninyi mliokula jasho la wachezaji hawa kila vikombe vilipokuja! Mlishindwa hata kusimama!

Mzee Bakili alipita katikati ya meza akampa Mwalimu Egidi mikono yote miwili. "Umenionyesha, Mwalimu, wallahi nimeona. Lakini wewe unaondoka. Subira nikimleta, nani atamnawisha?"

Mwalimu Egidi aliwageukia wenzake. Hakuna aliyejibu. Mzee Bakili akaaga kwa adabu yake yote, akaenda kutafuta lori. Zuhra amebaki kumalizia, lakini habari ya Subira baba yake alirudi nayo vilevile bila jibu.

Basi nimejibu mimi. Jumatatu nilimwendea Hassani, dereva wa lori lile la mpunga, nikampa salamu zifike Namasakata: Mzee Bakili, mlete Subira. Acheze, asome, na akifaulu atanawishwa. Walimu wakiwa na wageni, sisi wanawake wa jikoni tutamnawisha, tena bwaloni, si mlangoni. Neno limeshaondoka, na anayetaka kulifuta apande lori alifuate. Ila ni aibu kwa chuo cha walimu kwamba ahadi ya mwalimu imebebwa na wapishi. Mwalimu Jane peke yake hatoshi. Simameni na wengine.

Mwalimu Egidi, kwa niaba ya wote uliowafundisha na wote uliotuchosha kwa kutulindisha mipira, asante sana. Mungu akupe afya, shamba lako la Peramiho likuitikie, na magoti yapate mtu wa kuyakanda. Pumzika, kazi yako umeimaliza. Hasira tuachie sisi.