Mgongo wa Mama Mkwe

Kijiwe chetu cha Kikula kiko chini ya dirisha la Kabongo. Si kwamba Kabongo anapenda wageni, la! Ukuta wake ndio pekee unaotoa kivuli mpaka saa sita, na hapo ndipo Jean anapoweka mbabula yake, jiko la makaa, na birika. Kahawa ya Jean ni kahawa kwa jina tu. Tangu maduka ya mjini yaporwe, na kampuni ya migodi isahau kulipa watu, birikani mna soya iliyokaangwa mpaka ikakubali kuwa nyeusi. Tunakunywa hivyo hivyo. Wake zetu wako sokoni na mashambani wakitutafutia bukari, ugali wetu wa jioni, na sisi tumeachiwa kazi ya kusema. Kwa kazi hiyo, Likasi nzima haituwezi.

Asubuhi ile ya mwezi wa kumi, joto la kupasua kichwa, Kabongo alitoka ndani akiwa na macho mekundu.

— Mukwe wangu anaumwa mugongo, akasema. Na Hortense angali Kapolowe.

Hortense ni mke wake. Alikwenda kununua unga wa mahindi, lori likafa huko. Nyumbani walibaki Kabongo na mama mkwe wake, Mamu Berthe, peke yao. Na nyinyi mnajua mila ya Waluba wa Kasai, watu wa kwao Kabongo: mtu hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, na chumba anacholala hakanyagi hata nyumba ikiungua.

— Mugongo inauma fasi gani? akauliza Damas.

Damas tunamwita Docteur kwa sababu alilinda geti la hospitali. Anaamini magonjwa yote yalipita mbele yake yakiingia, akayajua kwa sura.

— Minye nitajua gisi gani? Nasikia tu nyuma ya pazia, "mugongo, mugongo." Usiku anatetemeka, kitanda inalia. Ameomba blanketi ya pili. Mu joto hii!

— Anakula?

— Nilimuwekea chai ku mulango. Ameitapika yote.

— Rhumatisme, ile ya mifupa, akasema Docteur. Mugongo ya muzee ni kama mulango ya zamani, lazima ilie. Musimukimbize ku hospitali. Haraka haraka haina baraka.

— Rhumatisme ya nini!

Huyo ni Godefroid, jina la kijiwe Syndicat. Aliwahi kuchaguliwa mjumbe wa wafanyakazi, na tangu siku hiyo hakubali kwamba kitu chochote hutokea chenyewe.

— Bale bantu banachimba malachite, yale mawe ya shaba, bamefika wapi? Bamefika chini ya Kikula! Nyumba ya Kabongo imeinama. Kitanda imeinama. Mama analala kichwa chini, miguu juu. Mugongo itaacha kuuma?

— Mbona minye siumwe?

— Weye unalala upande ya barabara. Kule hawajafika. Ngoja.

Mlango ukalia.

— Macho chini! akaamuru Syndicat.

Choo cha Kabongo kiko mwisho wa ua, na njia yake inapita mbele ya kijiwe. Mama mkwe wa mwenzako akielekea huko, humwoni. Ndiyo adabu. Tukainama wote tukatazama viatu vyetu, walio navyo. Nikasikia miguu ikiburuta, ikasimama, mkono ukashika ukuta, ikaendelea. Ikarudi. Sikuwa nimefika nusu ya kikombe, mlango ukalia tena, tukainama tena.

— Anapita mara ngapi huyu mama? nikauliza.

— Heshima haihesabu, akanijibu Docteur.

Basi nikaacha kuhesabu, mpumbavu mimi.

— Minye nilisikia miguu yake, akasema Exaucé kwa sauti ya chini.

Exaucé tunamwita Jéricho. Yeye kila tatizo analizunguka mara saba akiimba, mpaka lianguke au majirani wakasirike.

— Anatembea kama mama iko na mutoto ku mugongo. Na mutoto haiko. Muko munaelewa? Anabeba mutu!

— Mutu gani? akauliza Kabongo, na jasho likamtoka.

— Mukubwa. Mwenye uzito. Pengine alikufa zamani.

— Eh, Yesu!

— Tuzunguke nyumba mara saba. Atashuka mwenyewe.

— Na nyumba imeinama, akasema Syndicat. Mukiizunguka, itaanguka.

Wakabishana hapo, kama nyumba itaanguka kabla marehemu hajashuka au baadaye. Jean akatumiminia tena ile soya yake. Docteur naye akatoa karatasi mfukoni, akaifungua polepole kama mtu anayeonyesha dhahabu. Ndani mlikuwa na kidonge kimoja, kile cha rangi mbili, nyekundu na manjano, kinachouzwa sokoni kwenye beseni, juani, karibu na samaki.

— Nyekundu ni ya mugongo, manjano ni ya tumbo. Unafungua, unamwaga manjano, unamupa nyekundu.

— Unga ya ndani iko rangi mbili? nikauliza.

— Ile ni siri ya kiwanda.

Kabongo akakipokea kwa mikono miwili.

— Nitamupa gisi gani? Mu chumba siingie.

— Funga kijiko ku fimbo, akasema Syndicat. Pitisha ku dirisha.

Tukacheka. Kabongo hakucheka. Alikitazama kile kidonge, kisha akasema maneno ambayo hata Jéricho aliyasikia.

— Akinifia humu, Hortense hayuko, kwao batasema nini? Batasema mama yao alikufa, na mukwe alikuwa inje anakunywa kahawa.

Na ilikuwa kweli, maana kikombe kilikuwa mbele yake.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja na kapu kichwani, jina lake Martine, kutoka Mulungwishi. Alikuwa anatafuta nyumba ya shangazi yake, amechoka, akaomba akae kidogo.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! akapaza Jéricho. Mama, ni weye njo utatununulia kahawa.

Hakununua. Akatua kapu, akauliza kuna nini, mbona tuna sura za matanga. Tukamweleza sote kwa pamoja: mlango wa zamani, machimbo, marehemu mzito, nyekundu na manjano, mila. Alisikiliza mpaka tukaishiwa pumzi.

— Akikojoa, inamuwaka?

Jean akamwaga kahawa nje ya kikombe. Jéricho akatazama mbinguni. Docteur akakohoa.

— Mama, hapa kuna bantu wazima.

— Njo sababu minye nauliza bantu wazima. Inamuwaka ao haimuwake? Anaenda kila saa? Na mugongo, inauma chini kabisa, ao hapa juu, pembeni?

Akajigonga kwa ngumi chini ya mbavu. Majogoo sita, na hakuna aliyejua kitu.

— Mficha maradhi kifo humuumbua, akasema Docteur kwa ukali. Yeye aliificha, juu ya ile hatukumuuliza.

— Inawaka!

Sauti ilitoka juu ya vichwa vyetu, dirishani. Syndicat alianguka kutoka kwenye ubao tuliokalia.

— Inawaka tangu juzi! Moto, na matone tu! Na mugongo ni huku juu, upande ya kuume! Sio kitanda! Sio mutu ya kufa! Nimesikia byote! Tangu asubuhi munaongea mugongo yangu, na hakuna hata mumoja amegonga mulango!

Kisha tukasikia akitapika.

Martine hakuwa na uso wa mchezo tena.

— Kukojoa ikikuwaka tu, unatafuta infirmier, anakupa dawa, unakunywa maji mingi. Lakini ikifika homa, na kutetemeka, na kutapika, na mugongo pembeni, chini ya mbavu, ugonjwa umepanda ku figo. Ile haingoje. Dada yangu tulisema tungoje ipite. Haikupita.

— Tumupeleke leo? akauliza Kabongo.

— Sasa.

Jean ana pousse-pousse, mkokoteni wa kubebea makaa. Akakung'uta vumbi, tukatandika gunia. Martine akaingia chumbani, akamtoa Mamu Berthe amemfunga blanketi mbili. Hata hapo tuliinamisha macho, jamani! Jéricho aliinama hadi akagonga kichwa kwenye gurudumu. Docteur akasema yeye abaki alinde ubao, mtu asije akauchukua. Syndicat akataka kwanza tupige kura kuhusu njia. Nikamwambia apige peke yake.

Ikabaki swali la Kabongo. Akisukuma kutoka nyuma, atamwona mama mkwe wake usoni njia nzima. Akazunguka mbele, akashika mikono ya mkokoteni, akampa mgongo. Mimi si mkwe wa mtu pale, nikasukuma. Martine akatembea kando ameshika kichwa cha mama. Kile kidonge cha rangi mbili kilibaki kwenye udongo pale Kabongo alipokiangusha, kuku wa jirani akakidonoa akakitema.

Barabara ya kwenda hospitali ya masista inapanda. Kabongo alivuta polepole, kwa adabu, kila shimo analikwepa kama mtu aliyebeba mayai, maana mama mkwe si gunia la mihogo. Mama alikuwa anatetemeka mpaka mbao zinalia. Uso wake ulikuwa mkavu, midomo myeupe. Niliogopa sana, sisemi uongo. Nilitaka kumpigia kelele Kabongo, lakini pumzi sikuwa nayo.

Tulipofika kona ya kiwanda kilichofungwa, blanketi ikasogea.

— Kabongo.

Tangu amwoe Hortense, hajawahi kusikia jina lake kutoka kinywani mle. Akasimama pale pale. Hakugeuka.

— Mamu.

— Heshima yako nimeiona, baba. Sasa kimbia.